Chupa ya maji ya kupimwa

Mama mmoja wa Kikula ameniuliza: kundi lao limechanga franka ili maji ya kisima yapimwe zebaki, je, chupa ya maji ya dukani, ikioshwa vizuri na sabuni, inatosha?

Haitoshi, na si kwa sababu ya uchafu. Zebaki ikikaa ndani ya chupa inajishika kwenye kuta zake, na nyingine inageuka mvuke, inapenya hata plastiki ya kawaida. Maji yakichelewa njiani, labo inakuta zebaki kidogo kuliko ile ya kisimani. Karatasi inarudi imeandikwa maji ni mazuri, na watoto wanaendelea kunywa. Mmelipa ili mdanganywe!

Ombeni chupa kwa labo yenyewe, ya kioo au ya teflon, iliyooshwa kwa asidi. Mara nyingi wanatia asidi kidogo ndani mapema; ndiyo inayoizuia zebaki isitoke majini. Chupa hiyo msiisuuze, msiijaze mpaka imwagike, na mtoto asiiguse. Asidi ya batri ya gari, hapana kabisa: ile ya batri iliyotumika ina risasi. Kama chupa haina asidi, iwekeni kwenye barafu, ifike labo kabla ya saa 48. Yakishatiwa asidi, maji yanaweza kungoja hadi siku 28. Andikeni juu yake kisima gani, siku gani, saa ngapi. Shirika la Afya Duniani linakubali mikrogramu 6 za zebaki kwa lita, zisizidi.

Lakini mimi ningeanza na swali lingine. Zebaki ni taabu hasa ya wachimba dhahabu, kama kule Kamituga. Hapa kwetu ni shaba na kobalti: mto Panda unapeleka maji ya viwanda vya Shituru mpaka Lufira na ziwa Tshangalele, tunakopata samaki. Basi ombeni kobalti, kadimi na risasi zipimwe pia. Hizo chupa yake ni ya plastiki safi, nayo inatiwa asidi, kwa hiyo mtabeba chupa mbili.

Na wanaochemsha maji wakidhani metali zitatoka: moto unaua vijidudu, basi. Tena, kabla ya kulaumu kisima, tazameni meza ya kujipamba. Krimu nyingine za kung'arisha ngozi zina zebaki, na mama mwenye mimba anaipitisha kwa mtoto.