MAFUTA YA NG'OMBE WA TARIME: ADUI AU RAFIKI WA MISHIPA YAKO?

Wiki hii safu yako inapanda basi hadi mkoani Mara, kule ambako kijana akimkuta kijana mwenzake humwita "mura". Tunashuka Tarime, halafu tunachapa mwendo mpaka Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Hatufuati nyumbu, wala dhahabu ya Nyamongo. Tunafuata bakuli la mboga.

Hivi, ukisikia neno "mafuta" kwenye mambo ya afya unafikiria nini? Presha, moyo, kiharusi, basi. Sistaduu anaacha maziwa eti anatunza shepu, jioni unamkuta kwenye foleni ya chipsi. Hapo ndipo wengi tunapojizuga.

Mafuta si kitu kimoja, mshikaji. Yamejengwa kwa asidi za mafuta, na hizo hubadilishwa njiani kabla hazijafika kwenye mishipa yako. Swali la kuuliza ni moja tu: nani kazibadilisha?

Tuanze na ng'ombe. Anayechungwa hula nyasi, na tumboni mwake wamejaa bakteria wanaozigeuzageuza asidi za mafuta za nyasi hizo. Moja inayotoka hapo wataalamu huiita CLA. Unaipata kwenye maziwa na nyama, na ng'ombe wa nyasi huwa nayo nyingi kuliko yule anayelishwa nafaka ndani ya banda.

Sasa njoo kwenye mboga. Mgagani unaujua? Ule mchungu, ambao watoto wa mjini wanaukunjia uso. Kanda ya Ziwa, upande wetu na upande wa Kenya, akina mama huuchemsha kisha wakautia maziwa ili kuukata uchungu. Wao wanatafuta ladha, hawana habari za maabara. Kumbe humo ndani ya sufuria kuna kemia ya nguvu.

Mboga za majani zina chumvi iitwayo naitreti. Ukila, inaingia kwenye damu, halafu inarudi mdomoni kupitia mate. Bakteria wa juu ya ulimi wanaigeuza kuwa naitraiti. Ukiyameza mate hayo, naitraiti inakutana na asidi ya tumboni, na hapo inaweza kujibandika kwenye CLA. Inazaliwa asidi ya mafuta mpya kabisa.

Si hadithi za kijiweni hizi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, ambako Profesa Bruce Freeman amezifuatilia asidi hizi kwa miaka mingi, waliwapa watu wa kujitolea CLA pamoja na chumvi hizo, kisha wakaikuta asidi mpya ndani ya damu yao. Matokeo yalitoka mwaka 2015.

Inafanya nini huko? Mshipa wa damu una ngozi laini kwa ndani. Sigara, sukari nyingi na presha huikwaruza, nayo inawaka kama kidonda kinavyowaka. Seli nyeupe zinaganda hapo, mafuta yanajipenyeza, ukuta unakuwa mgumu na njia inakuwa nyembamba. Kwenye majaribio ya maabara, asidi hii mpya iliibana swichi inayouwasha mwako huo na kuamsha nyingine inayoleta kinga.

Mwaka 2014 watafiti wa King's College London nao walitoa ya kwao. Waliwapandisha panya presha, wakawapa asidi za mafuta za aina hii, na presha ikashuka. Wakachukua panya wengine waliobadilishwa kitu kimoja tu mwilini, kimeng'enya ambacho asidi hizo hukishika. Presha ya hao haikushuka. Wakajua njia inapita hapo.

Taratibu lakini. Panya si mtu, na bakuli la mgagani si dawa. Kama daktari kakuandikia vidonge vya presha, usivitupe eti umepata maziwa ya Tarime. Na usije ukasingizia safu hii unapomaliza kilo nzima ya nyama choma peke yako. Minofu ile ina mafuta mengine ambayo hayana huruma na moyo.

Upande wa pili kuna mafuta yanayobadilishwa na kiwanda na karai. Mafuta ya maji yakigandishwa nusunusu kiwandani hutoa mafuta ya transi, yanayouchochea ule mwako. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliyataka mataifa yote yayaondoe kwenye vyakula ifikapo mwisho wa mwaka 2023. Na yale mafuta meusi ya kukaangia chipsi, yanayochemka tangu juzi? Yameungua na kuoza kikemia. Nayo unayalipia!

Kwa hiyo, mura wa Sirari na wewe wa Kinondoni, fanyeni hivi. Mboga za majani ziwe kwenye sahani kila siku, si siku ya kuumwa tu. Maziwa kunywa, ila yachemshe. Ugonjwa wa brusela upo kwenye mifugo ya ukanda wa Serengeti na hupita kwenye maziwa mabichi. Dawa kali za kusukutua mdomo punguza, maana zinawaua wale bakteria wa ulimi wanaokufanyia kazi bure. Na kapime presha hata kama huumwi kitu. Ikifika 140 kwa 90 na kurudia hivyo siku nyingine, muone daktari. Presha haipigi hodi.

Shemeji akikuandalia mgagani wa maziwa wikiendi hii, usijifanye mtoto wa kishua. Kula, omba na wa kuongeza. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!