Posa ya Geita, na nauli ya kurudi



Siku hizi posa zinatoka mbali, na ya mfanyabiashara wa dhahabu wa Geita au Kahama haikataliwi. Mahari inatajwa, seti inaonekana, wazee wanaridhika. Anayeuliza "mambo yakiharibika, mtoto atarudi vipi?" anaonekana mkosi.

Mimi nauliza. Kutoka Geita hadi bandarini Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja, halafu boti. Anayepigwa Mwanakwerekwe atakwenda kwa shangazi yake kwa miguu. Anayepigwa Katoro hana shangazi, na majirani ni marafiki wa mumewe. Wenzetu wa Kisukuma huko Shinyanga wana mtihani mwengine: ng'ombe wa mahari huenda kwa baba, na baba aliyekwisha kuwatumia huona rahisi kumrudisha binti kuliko kurudisha ng'ombe.

Na sisi tunamwambia nini? Vumilia, nyumba ina siri. Suratul Baqara aya ya 231 inakataza kumzuia mke ili kumdhuru. Waamuzi wa pande mbili waliotajwa katika Suratun Nisaa ni wa watu waliohitilafiana. Aliyeshikiwa panga anahitaji kwanza kuwa hai. Kikao cha wazee kitamkuta kwao.

Jambo ambalo wengi wetu hatulijui: Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki huku Zanzibar, lakini kule bara inatumika, na kifungu cha 66 kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Kadhi wa kule si mahakama ya serikali kama wa kwetu, kwa hiyo talaka ikigombaniwa hupitia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, kisha mahakamani. Na usidhani utatoka mikono mitupu kwa kuwa ulikuwa mama wa nyumbani. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani imekubali kazi za nyumbani kuwa ni mchango katika mali ya ndoa.

Sasa kuondoka kwenyewe. Usimtishie kwamba unaondoka. Siku anapojua ndiyo siku ya hatari zaidi. Cheti cha ndoa, vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vitoe kidogo kidogo, au mpe nakala mtu mmoja unayemwamini, mmoja tu. Panga neno na dada yako: ukimwambia kwenye simu "nimeunguza wali", ajue apige simu polisi. Mkizozana, usikimbilie jikoni kwenye visu. Ukiumizwa, nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, chukua fomu ya PF3, utibiwe, na majeraha yaandikwe. Hata kama hutaki kesi leo, karatasi hiyo utaihitaji. Ondoka na watoto akiwa machimboni, wala usipande basi kwenye stendi ambayo mawakala wote wanamjua.

Kwa mama wa bibi harusi: kabla ya kununua kanga za kufungia mzigo, tenga nauli ya basi na boti, yake na ya watoto watakaozaliwa. Ikae kwako, si kwenye simu ambayo mume anaijua namba yake ya siri.