Smethwick: Jimbo la Uingereza lililotikisa siasa za uhamiaji hadi Nairobi

Oktoba 1964 chama cha Labour kilishinda uchaguzi mkuu wa Uingereza baada ya miaka 13 katika upinzani. Lakini huko Smethwick, mji wa viwanda karibu na Birmingham, mgombea wake Patrick Gordon Walker, aliyetarajiwa kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliangushwa na Peter Griffiths wa Conservative kwa tofauti ya kura 1,774.

Ajenda ilikuwa rangi ya ngozi. Wahamiaji kutoka Punjab na visiwa vya Karibiani walikuwa wamefuata kazi viwandani, na uhaba wa nyumba wakatwishwa wao. Kaulimbiu ya matusi iliwatisha wapiga kura kwamba wakiichagua Labour watapata jirani mweusi. Griffiths alikataa kuilaani. Februari 1965 Malcolm X alikwenda kujionea mtaa wa Marshall, ambako wazungu walitaka halmashauri inunue nyumba ili wasiingie wageni. Siku tisa baadaye aliuawa New York.

Gordon Walker naye hakuwa malaika, hasa kwa Waafrika. Mwaka 1950, akiwa waziri anayehusika na Jumuiya ya Madola, serikali yake ilimzuia Seretse Khama kurudi Bechuanaland, Botswana ya leo, kwa sababu alimwoa Mwingereza mzungu. Hata hivyo, mwaka 1961 aliongoza Labour bungeni kupinga muswada wa kudhibiti wahamiaji.

Labour ilikirejesha kiti hicho mwaka 1966 kupitia mwigizaji Andrew Faulds, ila woga haukuisha. Hakuna kiongozi aliyetaka Smethwick nyingine. Waasia wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walipoanza kuondoka kwa wingi, serikali ya Labour ilipitisha haraka haraka sheria ya Machi 1968 iliyowafungia mlango wengi wao. Pasipoti walikuwa nazo, haki ya kuingia hawakuwa nayo tena. Gordon Walker wakati huo alikuwa ndani ya baraza la mawaziri, Waziri wa Elimu.

Jimbo lenyewe lilifutwa mwaka 1974 mipaka ilipochorwa upya. Mipaka ilipobadilishwa tena, jina Smethwick lilirudi katika uchaguzi wa Julai 2024. Aliyeshinda ni Gurinder Singh Josan wa Labour, mfuasi wa dini ya Sikh.