Pumzi Fupi, Miguu Dhaifu

Mgonjwa wa Kiwalani mwenye ugonjwa sugu wa mapafu uliokithiri hupewa ushauri wenye huruma: "Pumzika, usijichoshe." Watoto humchotea maji, jirani humwendea sokoni, naye hushinda kitini barazani. Baada ya miezi kadhaa, hata kwenda msalani humwacha akihema. Familia husema mapafu yamezidi kuharibika. Mara nyingi kilichozidi kuharibika ni miguu.

Anayekosa pumzi huacha kutembea, na asiyetembea hudhoofika misuli ya mapaja. Misuli dhaifu huchoka mapema na kuzalisha asidi, na mwili hulazimika kuhema zaidi ili kukabiliana nayo. Hivyo hofu huzaa udhaifu, na udhaifu huzaa hofu. Dawa ya kuvuta hufungua njia za hewa, lakini haijengi paja.

Mazoezi hayaponyi pafu lililoharibika. Faida yake ni kwamba mguu ulioimarika hufanya kazi ileile bila kudai pumzi nyingi. Huko Kampala, watu waliopona kifua kikuu lakini wakabaki na mapafu yenye kasoro walifanyishwa mazoezi mara 2 kwa wiki, kwa wiki 6. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa waliweza kutembea umbali mrefu kuliko awali.

Zahanati haihitaji mitambo kwa kazi hii. Kiti imara kilichoegemezwa ukutani chatosha kwa kusimama na kuketi. Kizingiti chatosha kwa kupanda na kushuka. Idadi ya mara ambazo mgonjwa husimama kwa dakika 1 ni kipimo cha maendeleo yake. Kabla ya kuanza, apimwe moyo na oksijeni, na ihakikishwe kwamba hana kifua kikuu ambacho hakijatibiwa. Kuhema huku akiweza kutamka sentensi fupi kusimtishe. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni amri ya kuacha na kumwona daktari.

Kwa hiyo, cheti chenye dawa peke yake ni nusu ya tiba. Mganga aandike pia mazoezi ya miguu, kwa idadi na siku, kama anavyoandika vidonge. Nao ndugu wamrudishie mgonjwa ndoo yake ndogo ya maji. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.