Mafundisho ya Nyumbani: Mtoto wa Mgongoni



Goweko ni kituo cha reli, mashariki ya Tabora. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, watu wa nchi hii walisafiri hata pwani kwa miguu. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua begani mzigo wa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32. Wengine walifuatana na wake zao, na watoto wachanga wamefungwa kwa mbeleko. Basi, katika msafara mzima ni nani asiyechukua kitu? Ni mtoto wa mgongoni. Hajui njia, wala hajui kambi ya kesho, lakini hufika.

Wanafunzi waliposhindania ukubwa, Bwana wetu alimweka mtoto katikati yao. Fundisho hilo alilishika sana Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, ambaye kanisa kuu la Tabora lina jina lake. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1873, akaingia utawa wa Karmeli mjini Lisieux akiwa na miaka 15, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1897, umri wake miaka 24. Njia yake aliiita ndogo: kutenda mambo madogo kwa mapendo, na kumtumaini Mungu kama mtoto amtumainivyo babaye.

Lakini yuko mama asemaye: “Niliomba kama mtoto, na mwanangu hakupona.” Neno hili ni zito, wala halifai kujibiwa kwa haraka. Mtoto akililia wembe, baba mwenye mapendo hampi. Lakini uzima wa mwana si wembe. Mama huyo aliomba kitu chema.

Na tumtazame Yesu mwenyewe katika Getsemani. Aliita Abba, akaomba kikombe kimwondokee, nacho hakikuondolewa. Hata hivyo hakuacha kumwita Baba. Teresia naye, tangu Pasaka ya mwaka 1896 hata kufa kwake, alikaa katika giza la roho, mbingu kwake ikawa kama imefungwa. Katika giza hilo aliendelea kusali.

Kumbe utoto wa roho si kupewa kila tulililialo. Wala si akili za kitoto, maana Mtume Paulo ametuonya tuwe watoto kwa uovu tu, bali kwa akili tuwe watu wazima. Ni kulia, lakini kulia mgongoni pa mzazi, bila kumkimbia.

Enyi wazazi na walimu, msimkataze aliyefiwa kulia mbele ya Mungu, wala msimhesabie machozi yake kuwa upungufu wa imani. Jioni salini naye Baba Yetu, polepole. Akishindwa kuimaliza, ninyi imalizeni kwa ajili yake. Mtoto aliyechoka hata akalala, naye pia huchukuliwa.