Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Warfarini bila kipimo ni kubahatisha

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

Kwa heshima zote, naomba nikueleze jambo linalowaumiza wagonjwa wa moyo na wa damu kuganda huku wilayani. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wengi wanaipata. Wanachokosa ni kipimo cha kuwaambia kama wanachomeza kinatosha.

Dozi ya warfarini haifanani kwa watu wote. Mmoja hutoshwa na miligramu 2 kwa siku, mwingine huhitaji 8. Ndiyo maana kuna INR, kipimo kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Asiyetumia dawa husoma takriban 1. Aliyepata bonge la damu mguuni, au mwenye mapigo ya moyo yaliyovurugika, kwa kawaida hutakiwa awe kati ya 2 na 3. Mwenye valvu ya bandia ya chuma mara nyingi huhitaji zaidi ya hapo. INR ikipanda mno, mgonjwa anavuja damu. Ikishuka, damu inaganda.

Kuvuja damu kunaonekana, kwenye fizi au kwenye mkojo, na kunatisha. Basi pasipo kipimo, daktari anapunguza dozi kwa hofu, na mgonjwa akifika nyumbani anapunguza tena. Mdogo wangu ana valvu ya bandia. Nimemwona akikata kidonge cha miligramu 5 kwa wembe juu ya sahani: kipande kimoja kikubwa, kingine kidogo, kilichobaki unga. Kwenye kadi yake ya kliniki, palipotakiwa kuandikwa INR, pameandikwa mwezi baada ya mwezi, "hakuna vitendanishi".

Mheshimiwa Waziri, dozi pungufu haiumi wala haitoi dalili, hadi siku madhara yanapofika, na mengi hayarudi nyuma. Bonge likitoka kwenye moyo na kuziba mshipa wa ubongo, mtu anapata kiharusi: mkono haushiki tena, maneno hayatoki. Likiganda kwenye valvu ya bandia, huenda akahitaji kupasuliwa upya, kama atawahi kufika. Mabonge yakibaki kwenye mapafu, presha ya mishipa ya huko inaweza kupanda na kubaki juu, na mtu akakosa pumzi kwa kupanda ngazi chache tu.

Mguu nao una yake. Kati ya wagonjwa 100 waliopata bonge kwenye mshipa wa ndani wa mguu, 20 hadi 50 hubaki na athari za kudumu hata wakitibiwa, na hatari ni kubwa zaidi kwa wale ambao INR yao ilikaa chini kwa muda mrefu. Mguu huvimba kila jioni, ngozi juu ya kifundo huwa nyeusi na ngumu, na wengine hupata kidonda kinachokaa miaka. Mkulima au mama lishe mwenye mguu huo hasimami tena kutwa nzima kazini.

Wapo watakaosema tuhamie dawa mpya zisizohitaji INR. Kwa wagonjwa wengi, ni sawa. Lakini kwa wenye valvu za chuma, utafiti wa dabigatran, mojawapo ya dawa hizo mpya, ulisimamishwa mapema, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2013, kwa sababu waliopewa dawa hiyo walipata mabonge na kuvuja damu zaidi. Mwaka 2022, utafiti wa INVICTUS uliohusisha pia wagonjwa wa Afrika ulionyesha kwamba wenye valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki na mapigo yaliyovurugika walifariki wachache zaidi walipotumia dawa za kundi la warfarini kuliko rivaroxaban, nayo mojawapo ya dawa hizo mpya. Hawa ndio wagonjwa wetu, wengi wao vijana.

Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inabadilisha valvu hapa hapa nchini, na tunajivunia. Lakini upasuaji ule unalindwa na kidonge cha kila siku, na kidonge kinalindwa na kipimo. Serikali ikigharamia valvu kisha ikakosa kitendanishi, fedha ile na maisha yale vyote viko hatarini.

Naomba mambo manne. Kwanza, mashine ndogo za INR za kutoboa kidole ziwepo kila hospitali ya wilaya, na vipimo vyake viagizwe na Bohari ya Dawa bila kukatika. Pili, vidonge vya miligramu 1 vipatikane, wembe upumzike. Tatu, INR iwe ndani ya kitita cha msingi chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Nne, kliniki ya kifua kikuu na ya moyo zipeane taarifa, kwani rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza sana nguvu ya warfarini. Na wauguzi wawaeleze wagonjwa kwamba mchicha, kisamvu na matembele havikatazwi, ila viliwe kwa kiasi kisichobadilika sana.

Mheshimiwa, naomba jibu la wazi kama barua hii: ni hospitali zipi za wilaya zitapata kipimo cha INR, na kuanzia lini?

Wako katika ujenzi wa taifa,
Ndugu wa mgonjwa