Aloe pembeni, mahindi shambani

Huku Haut-Katanga, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, mvua karibu hakuna. Aloe inavumilia, juu majani yake manene yanachunga maji. Basi watu wanapita kwenye koperative zetu wakisema: acheni mahindi, shamba lote pandeni aloe. Sisi tunasema hapana, mpaka mnunuzi aonekane na bei yake. Mtoto akilia njaa, aloe haipikwi bukari.

Tuipande pembeni ya nyumba, pale maji hayasimami. Yakisimama mizizi inaoza. Miche tusichukue kwa deni: mmea mmoja ukikomaa unazaa vitoto vingi, tugawane bure. Na ule utomvu wa manjano, mama mwenye mimba asiunywe.